Jembe Katikati ya Ngwe

Mwaka jana nilikwenda Dar es Salaam kumuuliza wifi yangu swali moja. Nikakaa siku tisa, nikatembezwa bustani nne, na swali lenyewe sikuliuliza. Hapa Kiegeani watu wakitaka kujua safari ilikuwaje mimi huwaambia mchicha wa mjini unakua haraka, basi. Wao wanaridhika. Mimi ndiye nisiyeridhika, ndiyo maana naandika.

Swali lilikuwa hili: unarudi, au nikunje ugo?

Asiyekulia Mafia hawezi kujua uzito wa maneno hayo mpaka aelezwe ugo ni nini. Shamba letu liko porini nyuma ya kijiji, na porini kuna nguruwe. Wazee wetu hata jina lao hawakupenda kulitaja, walisema "wale" na kila mtu akaelewa. Mtu mmoja hawezi kulizungushia shamba fito peke yake na bado akabaki na nguvu za kulima. Kwa hiyo tangu zamani watu hujikusanya, hufyeka pamoja, hujenga ugo mmoja mkubwa wa fito na miiba, kisha ndani yake hugawana ngwe, kila nyumba na ngwe yake. Na kila mwenye ngwe ana kipande chake cha ugo. Ukikizembea, wale wanapita kwako na wanakula kwa kila mtu, na maneno utakayoambiwa utayakumbuka mpaka uzeeni.

Mtu akifa bila wa kumrithi, au akihama, ugo hukunjwa. Fito za kipande chake hung'olewa zikasogezwa ndani, na ngwe yake huachiwa pori. Lakini haukunjwi ovyo. Kama mwenyewe yu hai, yeye ndiye anayesema "kunjeni". Asiposema, hata akakae Oman miaka kumi, waliobaki wanamjengea kipande chake. Wanaguna, lakini wanajenga.

Nilipoolewa mlikuwa na ngwe kumi na nne ndani ya ugo ule. Nimeshiriki kuukunja mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Wengine walichukuliwa na mauti, wengine na mahoteli ya watalii, wengine na kilimo cha mwani, wengine walivuka kwenda bara na wakasema "kunjeni" kwa simu, huku wanatafuna kitu. Mwisho tukabaki wawili, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu marehemu, ngwe yake imepakana na yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Kilindoni. Nilikua nikisikia pikipiki na honi za meli, jembe nililijua la kulimia maua mbele ya nyumba. Nilipoletwa Kiegeani wifi ndiye aliyenifundisha shamba, na hakunifundisha kwa upole. Alinicheka namna ninavyoshika mpini. Alinicheka nilipopanda juu ya dungu, kile kichanja cha kukalia tunapofukuza ndege, nikashindwa kushuka. Tumegombana mara zisizo na hesabu, safari moja tulinuniana mwezi mzima kwa ajili ya kuku, na mwezi mzima tulipalilia bega kwa bega bila kusemeshana.

Lakini kuna jambo alinifanyia. Mume wangu alifariki wakati wa kupalilia mpunga, nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi nilikaa ndani, na huko nje majani yanaota kama hayana habari ya msiba. Wifi akaenda kwenye ngwe yangu. Akaanzia upande unaopakana na wake, akapalilia mpaka katikati, akachomeka jembe pale, akarudi nyumbani. Nusu ya pili hakuigusa.

Hiyo ndiyo desturi yetu. Ukimsaidia mwenzio ngwe yake naye hayupo, unafika katikati na unasimama. Unaacha jembe. Mwenyewe akija ataanzia upande wa pili, mtakutana hapo. Ngwe inayomalizwa yote na mtu mwingine ni ngwe ya marehemu. Wavuvi wa dago, hawa wanaokuja kwetu kwa msimu kutoka wilaya nyingine, walikuwa wakipita njia ya shamba wanasema yule mama mvivu, kazi ameiacha nusu. Wifi hakuwajibu. Nusu ile haikutoa hata pishi moja mwaka ule.

Nilipotoka eda alinishika mkono mpaka shambani. Majani ya nusu yangu yalikuwa yamefika kiunoni. Akaenda akakaa katikati, karibu na jembe, akanyoosha miguu. "Anza," akaniambia. Nikaanza, nalia na nang'oa, na hakuja kunisaidia hata kwa mkono mmoja. Alikaa pale akinisubiri nifike. Nimepewa pole nyingi maishani, hakuna iliyonifaa kama ile.

Basi huyu ndiye aliyekwenda Dar. Binti yake alijifungua, akaenda kumlea mzazi. "Nakwenda arobaini nirudi," alisema, na aliacha hata ufunguo wa nyumba kwangu. Arobaini ikapita. Kisha goti likaanza kumsumbua, akaambiwa aendelee kuhudhuria hospitali. Kisha mtoto akawa anatambaa na hana wa kumwangalia. Mwaka ukaisha. Kipande chake cha ugo nikakijenga mimi, pamoja na changu, viganja vikavimba hata kushika kikombe nikashindwa. Akipiga simu huuliza, "Kipande changu kikoje?" Nami hujibu, "Kipo, kimesimama." Kwa kweli upande wake ulio karibu na mti wa mkwaju ulikuwa umelala tena kabisa. Sikumwambia, kwa sababu niliogopa huruma yake. Mtu akikuhurumia sana atakwambia kunja.

Upweke wa nyumbani naujua, na unazoeleka. Unapika kidogo, unaongea na redio, unalala mapema. Upweke wa shambani ni mwingine. Unakaa juu ya dungu mchana kutwa, ndege wanakuja kundi zima, na huna wa kumwambia kwamba wamekuja. Binti yangu ameolewa Jibondo, kila akinipigia ananiambia nihamie kwake. Nampenda, na mkwe wangu fundi wa majahazi ni mtu mwema, lakini Jibondo ni kisiwa cha mawe, hata maji ya kunywa watu walikuwa wakiyafuata kwa chombo. Nikae huko nipande nini?

Msimu wa kufyeka ulipokaribia nikaona siwezi mwaka mwingine bila kujua. Nikavuka bahari kwenda Nyamisati, bara, nikapanda basi, nikafika kwa binti wa wifi nikiwa na kapu la nazi na ngisi wakavu. Wifi alinikumbatia mlangoni, amenenepa. Nilipanga kumuuliza usiku uleule baada ya kula. Tulipomaliza kula akaniambia, "Kesho uamke mapema, nikupeleke shamba." Nikadhani ananitania.

Hakuwa akinitania. Asubuhi tulishuka mteremko nyuma ya nyumba, yeye na mkongojo wake, tukatokea bondeni. Juu yetu zilipita nyaya nene za umeme, zinanguruma kama nyuki. Chini yake, mpaka macho yanapoishia, matuta. Mchicha, matembele, chainizi, bamia, spinachi, vyote vimepangwa mistari iliyonyooka. Wanawake wameinama kila mahali, keni za kumwagilia mikononi, na harufu ya mbolea ya kuku ilikuwa inakamata koo. Ni bustani ya kikundi, wifi akanieleza. Eneo waliomba, matuta wamegawana, kisima kimoja, maji kwa zamu.

"Wamegawana," nikasema.

"Wamegawana," akajibu, na akatabasamu kwa sababu alijua ninachokifikiria.

Kisha wakaanza kumwita. Kutoka huku, kutoka kule. "Mama Mafia, umeamkaje? Mama Mafia, goti?" Alikuwa anajibu kila mmoja. Tangu tulipobaki wawili nimeijua sauti moja tu inayomwita wifi yangu shambani, nayo ni yangu. Nilisimama pembeni ya tuta lake, nimeshika kanga yangu, nikajiona mgeni.

Jirani yake wa tuta alikuwa mwanamke wa rika letu, mtu wa bara, amevaa kofia ya kiume yenye ukingo mpana. Alicheka kwa sauti hata pasipo na jambo la kuchekesha. Akanipa mkono wenye udongo. "Wewe ndiye wifi. Tumekusikia sana." Nikamwitikia vizuri, na moyoni nikamchukia palepale. Sikuwa na sababu yoyote ya haki. Alikuwa amesimama mahali pangu, ndiyo sababu yenyewe.

Kikundi chao kina mtindo wa kutembeleana na vikundi vingine, na wiki ile walikuwa na ziara. Wifi akanichukua. Tulikwenda bustani iliyoko nyuma ya shule, imezungushiwa matairi ya zamani yaliyofukiwa nusu. Tulikwenda nyingine juu ya paa la jengo, mboga zimeota ndani ya viroba vilivyotobolewa, nikakaa katikati ya paa muda wote, sikuthubutu kusogea ukingoni. Tulikwenda ya tatu, ina ukuta mrefu, juu yake wamepanga vipande vya chupa. Mimi kila tulikofika niliangalia ugo kwanza. Sijui kuangalia shamba kwa namna nyingine. Pale penye ukuta nikamuuliza mama mmoja, "Huku mnamzuia nani?"

"Watu," akasema.

Nikamtazama wifi tucheke, lakini wifi alikuwa amegeuka, jirani yake mwenye kofia anamwonyesha ugonjwa wa majani ya bamia, wameinamisha vichwa pamoja.

Kila jioni nililiandaa swali. Nililiandaa nikiosha vyombo, nikaliandaa nikimbembeleza mjukuu wake. Likifika mdomoni namwona anavyosimulia habari za bustani kwa binti yake, nani kapata wateja, nani kagombana kisimani, na macho yake yanang'aa namna ambavyo sijayaona tangu tukiwa vijana. Nikalimeza. Nikajiambia kesho. Ukweli ni kwamba jibu nililijua tangu asubuhi ile ya kwanza, nilichokuwa nakikwepa ni kulisikia.

Siku ya sita wifi alikuwa na hospitali. Binti yake akampeleka, nami nikaomba kwenda bustanini, angalau nifanye la maana. Tuta lake lilikuwa limeota majani, maana goti lilimzuia kuinama siku kadhaa. Nikachukua kijembe chake. Nikainama, nikapalilia kwa raha ambayo sikuipata tangu niondoke nyumbani, udongo mweusi, laini, unafunguka wenyewe. Nilipofika katikati ya tuta nikasimama. Nikakichomeka kijembe pale, nikanawa mikono kisimani, nikapanda mteremko.

Hata sikufikiri. Nilifanya kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Wifi angekuja, angekiona, angeanzia upande wa pili.

Lakini hospitali walimchoma sindano ya goti na kumwambia apumzike siku mbili. Kile kijembe nikakisahau kabisa. Siku ya nane ilikuwa ya kikundi chao kupokea wageni, wale wa bustani ya nyuma ya shule. Wifi akasema hata akitambaa atafika. Tukashuka taratibu. Mwenyekiti, mwanamke mwembamba mwenye daftari kwapani, alikuwa anawapitisha wageni tuta kwa tuta. Walipofika kwa wifi akasimama. Nusu ya tuta ilikuwa safi kama uwanja, nusu majani, na kijembe kimesimama katikati.

"Mama Mafia," mwenyekiti akasema, "hii ni mara ya tatu."

Ndipo nilipojua, kwa maana wifi hakuwahi kuniambia, kwamba alishaonywa mara mbili kwa sababu ya goti lake. Sheria ya kikundi ni kwamba tuta likikutwa halijatunzwa mara tatu, anapewa mwingine. Wako wengi wanaosubiri. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa sauti ya chini, wageni wanasikia, uso umemshuka. "Na safari hii kazi imeanzwa ikaachwa nusu. Nitasemaje kwa wenzako?"

Wifi alikitazama kile kijembe. Kisha akanitazama mimi.

Maneno ya kusema yalikuwa machache sana. Ni mimi mwenyekiti, mimi mgeni, kwetu tunafanya hivi. Basi. Watu wangecheka, wangeniuliza maswali, mambo yangeisha. Nilifungua mdomo. Na hapohapo likanijia wazo, limevaa nguo safi kabisa: wakimnyang'anya tuta, atakuwa hana la kumweka hapa. Mjukuu anakua. Goti linauguzika hata Kilindoni. Atarudi. Nitafyeka, atasuka makuti, tutajenga ugo. Nilimwona juu ya dungu, miguu inaning'inia. Nikafunga mdomo.

Sijui ni muda gani. Unatosha kuvuta pumzi tatu, nne. Wifi hakuondoa macho usoni kwangu. Angeweza kusema yeye mwenyewe, alijua kijembe kile kimechomekwa na nani na kina maana gani. Hakusema. Alikuwa ananisubiri.

"Hiyo nusu ni yangu, mwenyekiti," sauti ikasema nyuma yetu. Alikuwa yule jirani mwenye kofia. "Tuligawana. Yeye upande huu, mimi upande ule. Nimechelewa, nisamehe." Na bila kungoja jibu akaingia upande wa pili wa tuta na jembe lake, akaanza kupalilia mbele ya wageni wote, kwa haraka, majani yanaruka. Alikuwa anadanganya, kila mtu alijua anadanganya. Mwenyekiti akashusha pumzi, akawaambia wageni twendeni tuone kisima.

Yule mwanamke akapalilia mpaka akafika kwenye kijembe. Akakichomoa, akampa wifi mkononi. Hakujua amefanya nini. Mtu wa bara, hajawahi kuona ugo maishani mwake, na alikuja kumkuta wifi yangu katikati. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale na mikono yangu mitupu.

Niliona aibu, na bado naiona. Nilikuwa na kijicho pia, hata saa ile, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka. Nilipaswa kumshukuru yule mama na sikumshukuru. Nilimwambia tu, "Majani haya yana mizizi mirefu," kana kwamba tulikutana njiani.

Siku ile ikapita. Tukala, tukacheka na mtoto. Kesho yake akanisindikiza mpaka Mbagala, kwenye basi la Nyamisati, ingawa binti yake alimkataza kutembea. Tukakaa kwenye benchi la mama muuza chai. Basi lilikuwa bado linajaza.

"Jembe nililiona," akasema.

Nikajitia sielewi. "Jembe lipi?"

"Wifi. Mimi ndiye niliyekufundisha kulichomeka."

Nikatazama chai yangu.

"Na nilikuona ulivyonyamaza. Nikasema moyoni, mpe muda, atasema. Nikakungoja."

"Nilitaka urudi," nikamwambia. Katika siku tisa hayo ndiyo maneno ya kweli niliyoyatoa.

"Si ungeniomba."

"Ningekuomba ungesemaje?"

Akapapasa goti lake juu ya kanga. "Ningesema siwezi," akasema. "Dungu silipandi tena, wifi. Fito sibebi. Huku naamka nina pa kwenda na watu wa kuniuliza nimeamkaje. Ningesema siwezi, tungelia, yangekwisha. Lakini ningependa kuombwa."

Kondakta akaanza kupiga bodi la basi. Wifi akasimama kwa shida, nami nikamshika kiwiko, na kwa dakika moja tulikuwa kama tulivyokuwa siku zote, mmoja anamshika mwingine asianguke na wote wawili tunajifanya hatuoni. Akanikabidhi mfuko wa mbegu za mchicha. Kisha akayasema maneno yenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuagiza chumvi.

"Kunja ugo."

Nikapanda. Nikakaa upande wa dirisha ambao hayuko, makusudi, maana sikutaka anione. Basi lilipogeuka nikamwona hata hivyo. Alikuwa bado amesimama, anatafuta dirisha langu.

Nilifika Kilindoni kesho yake, nikapanda pikipiki mpaka nyumbani. Dereva aliniuliza habari za mjini, nikamwambia mchicha unakua haraka. Nilifungua nyumba ya wifi, nikafagia, nikafunga. Baada ya siku chache nikaenda shambani na panga kukunja ugo.

Kukunja si kazi ya mtu mmoja. Mmoja hukaa nje anang'oa fito, mwingine yuko ndani anazipokea. Ukiwa peke yako unang'oa ufito, unautupa ndani, unazunguka mpaka mlangoni, unaingia, unauchukua, unatoka tena. Niling'oa ufito wa kwanza upande wa mkwaju, nikazunguka. Niling'oa wa pili. Wa tatu nilipoushika nikakaa chini. Nilihesabu ngwe zote kumi na nne kwa majina ya wenyewe, mahali zilipokuwa, sasa ni msitu tu. Nikaangalia kingebaki nini nikimaliza. Kingebaki kijiugo ambacho ukisimama katikati yake unaziona pembe zote nne. Kama zizi la mbuzi, na mbuzi mwenyewe ni mimi.

Nikazirudisha zile fito mbili mahali pake.

Wiki ile wifi akapiga simu. Tulisalimiana, akaniuliza nazi, nikamuuliza mtoto. Kisha akauliza, "Umekunja?"

"Nimekunja," nikasema.

Niliisikia pumzi yake na nyuma yake mlango wa mtu unagongwa. "Vizuri," akasema. Alisema vizuri mara mbili. Tuta bado analo, aliniambia, na goti lina nafuu. Jirani yake ananisalimia. Nikamwambia amsalimie naye, na safari hii nilikuwa nimekusudia.

Vipande vyote viwili nilivijenga peke yangu. Ilinichukua mwezi na zaidi, na mgongo mpaka sasa unanikumbusha kila nikiinuka kwenye mswala. Mvua zilipokuja nikapanda mpunga kwangu na kwa wifi. Pembezoni nikamwaga zile mbegu za mchicha, zikaota vizuri. Wale wa porini walikuja mara mbili kupapasa upande wa mkwaju, wakashindwa.

Ulipofika wakati wa kupalilia nilimaliza ngwe yangu kwanza. Kisha nikavuka mpaka, nikapalilia ya wifi kuanzia upande wangu. Nilipofika katikati nikasimama, nikachomeka jembe, nikaenda nyumbani. Sasa majani yakirudi kwangu napalilia kwa jembe la kuazima.

Juzi bwana shamba alipita na pikipiki yake, kijana mwenye adabu, akazima injini ili anisalimie vizuri. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akatazama ndani ya ugo. "Mbona hii umeiacha nusu? Mpunga unaharibika."

"Nimechoka," nikamwambia, na akanipa pole, na akaenda zake.

Majani ya ile nusu yamefika kiunoni. Kila asubuhi nikiingia naangalia kwanza kama jembe liko nilipoliacha. Liko palepale.